Ajali Imepita, Hatari Bado: Fahamu Majeraha Yanayojificha

Matatu imegonga lori, abiria wanatoka mmoja mmoja, kila mtu anajipapasa. Anayevuja damu anakimbizwa hospitalini. Aliyesimama kwa miguu yake anaambiwa ashukuru Mungu, anapandishwa gari jingine na kuendelea na safari. Siku ya pili shingo haigeuki. Siku ya tatu kichwa kinauma na chakula hakikai tumboni. Wakati huo ajali imeshasahaulika, na anayeumwa anadhani ni malaria au uchovu tu.

Idara za afya huwashughulikia watu wa aina hii mara nyingi: walionusurika ajali bila jeraha la kuonekana, wakaja hospitalini baadaye hali ikiwa imezorota. Katika Kaunti ya Kilifi, ambapo barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi inapita Mtwapa, Kikambala na Gede, na ile ya Mombasa kuelekea Nairobi inapita Mariakani, jambo hili linamgusa kila mkazi. Linamgusa pia yule asiyepanda matatu, kwa kuwa boda boda ndiyo usafiri wa kila siku kutoka Ganze na Bamba hadi Magarini.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,700 walifariki katika barabara za Kenya mwaka wa 2024. Wanaojeruhiwa ni wengi zaidi ya hao. Ujumbe kwa wakazi ni mmoja: kutosikia maumivu papo hapo si ushahidi kwamba hukuumia.

Kwa nini mwili hunyamaza

Wakati wa ajali mwili hujiweka katika hali ya kujiokoa. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga kwa kasi na misuli hukaza. Ubongo nao hutoa kemikali zake za kutuliza maumivu. Ndiyo maana mtu aliyevunjika mfupa anaweza kutoka garini, akatembea, akapiga simu na hata kusaidia wengine kabla ya kugundua kwamba ameumia.

Hali hiyo hudumu kwa muda tu. Baada ya saa kadhaa adrenalini hushuka, na maumivu huanza kujitokeza. Sehemu zilizojeruhiwa pia huendelea kuvimba polepole, na uvimbe huo mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hii ndiyo sababu wengi huamka siku inayofuata wakihisi vibaya kuliko walivyohisi barabarani.

Kuna sababu nyingine. Gari linaposimama ghafla, mwili wa abiria huendelea kwenda mbele hadi uzuiwe na mkanda, usukani au kiti cha mbele. Viungo vya ndani navyo huendelea kwenda hadi vigonge mbavu, uti wa mgongo au fuvu. Ngozi inaweza kubaki nzima kabisa huku wengu, ini, utumbo au ubongo ukiwa umepata mshtuko. Kama kuna mshipa mdogo uliopasuka, damu huvuja kidogo kidogo, na dalili huonekana pale tu damu inapokuwa nyingi.

Shingo na mgongo

Jeraha moja linalochelewa kujulikana ni la shingo. Gari likigongwa kwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma kisha mbele kwa ghafla, mithili ya mjeledi. Misuli na kano za shingo huvutika kupita kiasi. Maumivu na ukakamavu huanza baada ya saa chache au kesho yake, na yanaweza kufuatana na kuumwa kisogoni, mabegani na kizunguzungu.

Wengi hupona ndani ya wiki chache kwa dawa za kutuliza maumivu na kwa kuendelea kuichezesha shingo taratibu kama watakavyoelekezwa na mhudumu wa afya. Hata hivyo, ganzi au udhaifu katika mikono au miguu, maumivu makali katikati ya shingo au mgongo, au kushindwa kuzuia haja ni dalili kwamba uti wa mgongo unaweza kuwa umeathirika. Mtu wa namna hiyo asitembezwe wala kuketishwa. Alazwe chali, kichwa kishikiliwe kisigeuke, hadi usaidizi ufike.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi. Katika maboma mengi, mtu akilalamika shingo au mgongo baada ya ajali huitwa mkandaji. Kukandwa kuna nafasi yake kwa mtu aliyechoka na kazi, lakini kukanda au kunyoosha shingo ambayo haijapimwa kunaweza kusogeza mfupa uliopata ufa na kumwacha mtu amepooza. Pima kwanza.

Kichwa

Mtu aliyegonga kichwa anaweza kupoteza fahamu kwa muda mfupi, akazinduka, akaongea vizuri, kisha baada ya saa chache akaanza kulala kusiko kwa kawaida. Hicho kipindi cha katikati anapoonekana mzima ndicho kinachowadanganya walio karibu naye. Ndani ya fuvu damu inaendelea kuvuja na kuubana ubongo. Ikigunduliwa mapema kwa skani, upasuaji unaweza kumwokoa.

Kuna pia uvujaji wa polepole ambao huchukua wiki kadhaa. Huwapata zaidi wazee, watu wanaokunywa pombe kwa wingi, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mzee anayeanguka kutoka kwenye boda boda leo anaweza kuanza kuchanganyikiwa, kuyumba au kuumwa kichwa wiki tatu baadaye. Familia husema ni uzee. Iwapo kulikuwa na ajali siku za nyuma, daktari aelezwe hata kama ilionekana ndogo.

Wengi huamini kwamba aliyegonga kichwa hafai kulala. Akishapimwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, kulala si kosa. Kosa ni kumwacha peke yake. Kwa saa 24 za kwanza awe na mtu mzima anayemwangalia, na asipoamka kwa wepesi kama kawaida yake, apelekwe hospitalini mara moja.

Kifua na tumbo

Maumivu ya mbavu yanayoongezeka kila unapovuta pumzi yanaweza kuwa mfupa uliopasuka au pafu lililochubuka. Pafu lililochubuka huweza kuzorota katika siku moja au mbili za kwanza. Ukianza kupumua kwa shida, usingoje kupambazuke.

Tumboni, kiungo kinachoumia mara nyingi ni wengu, ulio upande wa kushoto chini ya mbavu. Unaweza kuchanika kidogo, ukashikilia, kisha ukapasuka siku kadhaa baadaye, wakati mwingine hata baada ya wiki. Dalili moja isiyotarajiwa ni maumivu ya bega la kushoto ilhali bega lenyewe halikugongwa. Dalili nyingine ni tumbo kuwa gumu, kufura, kizunguzungu unaposimama, jasho baridi na ngozi kupauka.

Utumbo uliotoboka nao unaweza kukaa siku nzima au zaidi kabla ya homa na maumivu makali kuanza. Abiria wa matatu waliofunga mkanda wa kiunoni pekee wanapaswa kuliangalia tumbo lao. Alama ya mkanda iliyochubuka tumboni ni sababu tosha ya kupimwa hata kama huhisi lolote. Hii haimaanishi kwamba mkanda ni hatari. Mkanda huokoa maisha, na ukivaliwa chini kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, hupunguza jeraha la aina hii.

Ukikojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya kola baada ya ajali, figo au misuli huenda imeumia. Nenda hospitalini.

Mikono na miguu

Si kila mfupa uliovunjika hupinda. Mtu anayeanguka kwenye boda boda na kujizuia kwa kiganja anaweza kuvunja mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, karibu na kidole gumba. Mfupa huo mara nyingine hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Ukiendelea kuuma, rudi upigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, maana ukiachwa unaweza kukosa kuunga na kuacha udhaifu wa kudumu.

Mguu unaovimba na kukaza kama mbao, ukauma kupita kiasi unapochezesha vidole, ni dharura ya saa chache. Uvimbe wa ndani unaibana mishipa ya damu. Hali hii hutokea pia pale mtu anapofungwa mabanzi kwa kubana sana na wataalamu wa mifupa wa kienyeji. Mabanzi yanayofanya vidole kuwa baridi, vyeusi au vyenye ganzi yalegezwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitalini. Katika hali kama hiyo, kuchelewa kunaweza kumgharimu mtu mguu.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

Mama mjamzito apimwe baada ya ajali yoyote, hata kama gari lilitikisika tu na yeye hana alama. Kondo la nyuma linaweza kuachana na ukuta wa mfuko wa uzazi bila jeraha la nje. Kutokwa na damu au maji, tumbo kukaza, au mtoto kupunguza kucheza ni dharura. Mama mwenye damu ya kundi hasi aseme hivyo, kwa kuwa huenda akahitaji sindano ndani ya saa 72.

Watoto nao hawaonyeshi hatari mapema. Mwili wa mtoto hushikilia shinikizo la damu vizuri hata akiwa anavuja damu ndani, kisha hushuka ghafla. Isitoshe, mtoto aliyegongwa na boda boda akitoka shuleni anaweza kuficha kwa kuogopa kugombezwa. Akikataa chakula, akinyamaza kuliko kawaida au akishika tumbo, mzazi amuulize kwa upole, na mwalimu aulizwe pia.

Mtu aliyekunywa pombe au kutafuna muguka au miraa asijipime mwenyewe. Pombe hufunika dalili za jeraha la kichwa, na vichangamshi humfanya mtu ajione ana nguvu.

Kimbilia hospitali ukiona moja ya haya

• Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege, au kuchanganyikiwa
• Usingizi usio wa kawaida au kushindwa kuamka
• Mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au kuona vitu viwili viwili
• Maji maangavu au damu kutoka puani au masikioni, au weusi nyuma ya sikio
• Ganzi, udhaifu au kupooza kwa mkono au mguu
• Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua
• Tumbo gumu, lililofura au linalozidi kuuma
• Kuzimia, jasho baridi au moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika
• Damu kwenye mkojo au choo

Saa 72 za kwanza

Baada ya ajali, pita kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mweleze mhudumu jinsi ajali ilivyotokea: ulikaa wapi, ulifunga mkanda au ulivaa helmeti, gari lilikuwa na kasi gani, na kama kuna aliyefariki au kurushwa nje. Maelezo haya humsaidia kujua atafute nini mwilini mwako, hata kabla hujataja maumivu.

Usinunue dawa kali za maumivu dukani na kujitibu. Aspirini huzuia damu kuganda, na dawa kama ibuprofeni na diklofenaki nazo zinaweza kuongeza uvujaji. Parasetamoli ni salama zaidi kwa wengi, lakini kama maumivu yanahitaji kumezewa dawa kila siku, basi yanahitaji kupimwa. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwambie daktari mwanzoni kabisa.

Pumzika, lakini usilale kitandani siku nzima. Usiendeshe gari wala boda boda ikiwa una kizunguzungu au kichwa kinauma. Waeleze watu wa nyumbani dalili zilizotajwa hapo juu, kwa sababu aliyeumia kichwa huenda asizitambue mwenyewe. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukujulia hali na kukuelekeza pa kwenda.

Moyo nao huumia. Kushtuka usiku, kuota ajali, kuogopa kupanda gari au kukasirika ovyo ni kawaida katika siku za kwanza. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, si udhaifu wala majini. Ni hali inayotibika, na msaada unapatikana katika kliniki za afya ya akili kwenye hospitali za kaunti.

Usimalizane barabarani kabla ya kupimwa

Katika ajali ndogo, hasa za boda boda, ni kawaida watu kukubaliana papo hapo. Mwenye makosa hutoa shilingi elfu moja au mbili, mikono inashikwa, kila mtu anaenda zake. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua gharama ya jeraha ambalo halijajitokeza. Maumivu yakianza keshokutwa, nambari ya simu haipatikani, na aliyeumia hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ajali ilitokea.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyomjeruhi mtu asimame, na aripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya saa 24. Aliyeumia pia ana haki ya kuripoti. Akiripoti, tukio huandikwa katika kitabu cha matukio na hupewa nambari ya OB. Baadaye anaweza kupata abstrakti ya polisi pamoja na fomu ya P3, ambayo hutolewa bila malipo na hujazwa na daktari kueleza majeraha.

Kila gari linalotembea barabarani, zikiwemo pikipiki, linatakiwa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Anayedai fidia kwa jeraha la ajali kwa kawaida ana miaka mitatu ya kufungua kesi. Muda huo unaonekana mrefu, lakini ushahidi hupotea mapema. Andika nambari ya gari au pikipiki, jina la kampuni ya bima lililo kwenye stika, na simu za mashahidi wawili. Weka kila karatasi ya matibabu. Maumivu mapya yakijitokeza siku ya tatu au ya kumi, rudi hospitalini yaandikwe kwenye rekodi yako. Jeraha ambalo halikuandikwa ni vigumu kulithibitisha mahakamani.

Gharama isikuzuie

Wengi hukwepa hospitali kwa kuhofia bili. Katika zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya 2 na ya 3, huduma za msingi hazilipiwi na mkazi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili ni kwa kupiga *147# au kupitia kwa mhudumu wa afya ya jamii. Huduma za hospitali kubwa zinahitaji michango iwe imelipwa, kwa hivyo ni busara kutosubiri ajali ndipo ulipe.

Kwa dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haitegemei kama una pesa mkononi.

Zahanati iliyo karibu inaweza kukupima na kukupa rufaa. Mwenye dalili za hatari aende moja kwa moja katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi au ile ya Mariakani, ikitegemea alipo. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199.

Iwapo wewe au jamaa yako alihusika katika ajali wiki hii na bado hajapimwa, muda haujapita. Mpeleke leo, na ukifika kaunta ya mapokezi anza kwa kusema kwamba kulikuwa na ajali.